Treni ya Kwenda Jumatatu

Mama yangu anaapa mpaka leo kwamba alisikia "Dar". Ukimbishia, anavua miwani, anaiweka mapajani, na hapo ujue umeyataka mwenyewe. "Nina masikio mawili, yote mazima," anasema. "Yule mzee wa watu alitamka Dar." Mie nishaacha kubishana naye. Nimepanda ndege mbili na treni moja mpaka katikati ya dunia kwenda kuonyesha kwamba Mama alikosea, na nimerudi sina hakika.

Mambo yalianza hivi. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, alikwenda kusomea udaktari Tajikistani. Temeke nzima ilijua yuko Urusi. Mwanzoni nilikuwaga nawasahihisha, wananijibu, "Si kulekule kwenye baridi?" Nikachoka, nikawaacha na Urusi yao. Akasoma, akamaliza, akapata mchumba, daktari mwenzake, mtu wa hukohuko. Mama akauliza dini. Mwislamu. Akauliza kama kwao wanakula pilau. Akaambiwa wanakula mpaka kwenye misiba. Basi, posa ikakubaliwa siku hiyohiyo.

Baba yetu alishatangulia mbele ya haki, wala hakuacha ndugu wa kiume. Kwa hiyo walii, yaani mtu wa kumkabidhi bibi harusi kwa mumewe mbele ya shehe, ni mie peke yangu, kaka mtu, fundi wa mafriji na viyoyozi. Kitu kimoja tu nilichotakiwa kufanya katika ndoa nzima ni kuwepo. Kumbe hicho kimoja ndicho kilichokuwa kigumu.

Siku moja ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu ya Mama. Alikuwa baba wa bwana harusi, anazungumza Kitajiki taratibu, kwa adabu. Mdogo wangu alikuwa zamu hospitali ya mbali isiyo na mtandao, na mie nilikuwa Boko juu ya ngazi, nafunga kiyoyozi cha mtu. Mama akasema atasubiri vipi, jambo la heri halingojewi. Akavuka barabara mpaka kwa jirani yetu, mzee wa Kihindi mwenye duka la nondo na rangi, ambaye ujanani alisoma dini Irani. Kifarsi na Kitajiki ni watoto wa mama mmoja. Mzee akaweka simu sikioni, akafumba macho, akasikiliza mara mbili.

"Anakusalimu sana," akasema. "Anasema nikaha ni dar dushanbe. Jumatatu hiyo."

"Dar?" Mama akauliza.

"Dar dushanbe," mzee akarudia.

"Dar, Jumatatu! Alhamdulillahi! Wanakuja wenyewe!"

Sasa elewa kilichotokea, maana hapa ndipo tulipopoteana. Kwa Kifarsi, neno "dar" maana yake ni "katika", na "dushanbe" ni siku ya Jumatatu. Mzee akadhani ameambiwa siku. Mama, aliyezaliwa Dar, akazalia Dar, na anakusudia kuzikwa Dar, yeye akasikia mahali. Na kati yao wote wawili hakuna aliyejua kwamba Dushanbe ni mji, tena mji mkuu wa nchi. Mkwe wa watu alikuwa amesema tu kwamba nikaha itafungwa mjini Dushanbe.

Niliporudi kutoka Boko nikakuta turubai limeziba mtaa.

"Kulikoni?" nikauliza.

"Mdogo wako anaolewa Jumatatu."

"Anaolewa wapi?"

"Unakanyaga wapi hapo?" Mama akasema. "Hapohapo."

Nikampigia mdogo wangu, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikajisemea watu wa nje wana mambo yao ya ghafla, na turubai nalo likishasimama lina nguvu ya ajabu ya kumfanya mtu aamini. Jumatatu wakaja watu. Masufuria ya pilau yakaja. Shehe akaja na kofia mpya. Binamu zangu wakatumwa uwanja wa ndege kumpokea bwana harusi, wakarudi na Mturuki mmoja muuza vyerehani ambaye kila akiulizwa kitu aliitikia kwa kichwa. Akapigiwa vigelegele, akamwagiwa marashi, akala sahani mbili, na ndipo akatoa karatasi kuonyesha kwamba anatafuta Kariakoo.

Jioni ile mdogo wangu akapata mtandao, akapiga.

"Nyie mnamwoza nani huko?" akauliza. "Mbona naona picha za harusi yangu na mie nipo zamu?"

Akatueleza mpaka sauti ikamkauka. Ndoa ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya magharibi. Ni kulekule, mji ndio unaitwa Dushanbe. Na Jumatatu asubuhi yeye na mumewe wanaondoka kwa gari kwenda hospitali ya milimani walikopangiwa, kwa sababu theluji ikishafunga ile njia haifunguki mpaka majira yageuke. Kama hawajaoana, mume anakwenda peke yake. Yeye anabaki, na kibali chake cha kuishi kinaisha kabla theluji haijayeyuka. "Kaka, Jumapili uwepo," akasema. "Mie sitaki kuozwa na mtu mwingine."

Shehe, ambaye bado alikuwa anamalizia soda, akasema siku hizi walii anaweza kumpa mtu mwingine uwakili wa kuozesha hata kwa simu, dini ni nyepesi. Mama akavua miwani.

"Mwanangu haozwi kwa simu kama mtu anayenunua umeme," akasema. Hiyo ikawa hukumu.

Kuhusu yule mzee jirani, mtaa mzima ulimcheka. Alikuwa akijitetea mlangoni pa duka lake: "Mimi nimefasiri nilichosikia! Dushanbe ni Jumatatu, kamuulizeni yeyote!" Hakuna aliyemuuliza yeyote. Mtu aliyeshatuletea Mturuki, nani amwamini tena?

Mie nikajiandaa. Mama naye akaandaa mzigo wake, na mzigo wenyewe ulikuwa ukoko. Naam, ukoko, ule wali ulioganda chini ya sufuria. Lile pilau la harusi isiyo na maharusi lilikuwa limeshika vizuri, na Mama akaubandua ukoko, akauanika kwenye ungo mpaka ukakauka kama kigae, akautia kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko.

"Akale ukoko wa harusi yake," akasema.

Lazima niseme kuhusu ukoko na mdogo wangu. Yule mtoto alikuwa mpole kwa kila kitu, nguo anakupa, nyama anakupa, ila ukoko hagawi. Alikuwa anakaa na sufuria katikati ya miguu kama simba jike. Nilipojaribu siku moja kumnyang'anya, aliniuma kiganja, na alama ya meno yake ninayo mpaka leo. Mama alikuwaga anasema mtoto huyu siku atakayomkatia mwenzie ukoko, ndiyo siku atakayokuwa mke wa mtu.

Nikaruka. Kwenye ndege ya pili, ile ya kwenda Tashkenti kwa Wauzbeki, nikachungulia kitabu cha Kitajiki cha abiria mwenzangu, nikaona namba zao: yak ni moja, du ni mbili, se ni tatu. Na siku zao zinakwenda kwa namba hizohizo, yakshanbe, dushanbe, seshanbe. Hapo akili ikanifunguka. Ama kweli! Sisi tuna Jumamosi, mosi ni moja. Tuna Jumapili, pili ni mbili. Basi yakshanbe ni Jumamosi, na dushanbe ni Jumapili! Nikaliona kosa la yule mzee waziwazi, mtu kasoma Irani miaka yote na kuhesabu mpaka mbili kunamshinda. Na ndoa yenyewe ni Jumapili. Kila kitu kikakaa mahali pake, nikalala usingizi wa mtu msomi.

Ndege ilichelewa. Nikafika Tashkenti Jumapili alfajiri, na ndege ya kwenda Dushanbe imejaa. Wakanielekeza stesheni ya treni. Dirishani alikaa binti mwenye Kiingereza kidogo kama changu.

"Dushanbe," nikamwambia.

"Dushanbe," akakubali.

"Inafika lini?"

"Dushanba." Wauzbeki wanaitamka hivyo.

"Ndiyo, Dushanbe. Lakini inafika lini?"

"Dushanba!"

Wanasema kuuliza si ujinga, lakini mie nilikuwa nimeuliza mara mbili na mjinga ni mjinga tu. Nikafikiri, dushanba, Jumapili, yaani leo. Inaondoka asubuhi, inafika leo, baada ya magharibi naozesha. Nikamshukuru binti kwa mkono kifuani, nikapanda.

Sisi watu wa Temeke treni tunaijua, ile ya Zambia inapita nyuma ya vibanda vyetu. Lakini hii ilikuwa nyumba. Ina mapazia, ina mazulia, mwisho wa behewa kuna pipa la maji ya moto yasiyoisha, na kila mtu ana kikombe. Niliketi na mama mmoja mnene mwenye kilemba cha maua na meno ya dhahabu, aliyepanda na mikate ya duara mingi kama anakwenda kufungua duka. Akaniangalia, akaangalia ndoo yangu, akauliza kitu kirefu.

Hatukuwa na lugha, lakini tulikuwa na maneno. Nikisema chai, anasema choy. Nikisema kitabu, anasema kitob. Dunia, dunyo. Wakati, vaqt. Tukafurahi sana, tukawa tunarushiana majina ya vitu kama watoto, bila kitenzi hata kimoja. Nikaona nimweleze safari yangu.

"Nikaha," nikasema.

"Nikoh!" Akapiga makofi, akauliza kwa mikono: nani anaolewa?

"Dada," nikasema. Kwa kweli ni mdogo wangu, lakini nilitafuta neno fupi.

Mama yule akashika mashavu. Akawageukia abiria wengine, akawatangazia, na behewa zima likaanza kucheka na kunipa pole kwa pamoja. Mzee mmoja akaja kunishika mkono. Wakanionyesha ndevu kwa vidole, mgongo uliopinda, mkongojo, kisha wakauliza kwa macho: na bado anaoa? Nikaitikia kwa furaha yote, ndiyo, nikoh, dada! Baadaye sana kijana mmoja mwenye tafsiri kwenye simu alinionyesha kwamba kwao "dada" ni baba. Nilikuwa nimemwozesha marehemu baba yangu mbele ya behewa zima.

Nikajaribu kurekebisha. Nikajigonga kifua, nikasema kwa nguvu, "Mimi kaka! Kaka!" Yule mama akashtuka, akamwita mhudumu haraka, mhudumu akanishika mkono, akanipeleka mpaka chooni, akanifungulia mlango, akasimama nje kuhakikisha nimefanikiwa. Nikakaa mle ndani kwa heshima, kwa muda unaostahili, nikatoka. Watu wakanipokea kwa uso wa "umeshapata nafuu?" Kumbe kwao neno hilo ni la mtoto anayetaka choo. Nikaacha kuzungumza undugu.

Mchana kutwa tulikwenda. Jangwa, pamba, punda, kituo, chai. Mie mwenye kuuza baridi kwa riziki nilikuwa natazama milima yenye theluji na kujiuliza nani anailipia. Jioni jua likazama na sioni mji. Magharibi ikapita. Ndipo mhudumu akaja na shuka, akamgawia kila mtu jozi moja.

"Shuka za nini?" nikauliza kwa Kiswahili, maana hasira haina tafsiri. "Si tunafika sasa hivi? Dushanbe, dushanba!"

Yule mama akakubali, "Dushanba."

"Leo!"

Akatikisa kichwa. Akaninyooshea ngumi iliyofumbwa. "Shanba," akasema, na kwa mkono mwingine akaonyesha nyuma, jana. Akainua kidole kimoja: "Yakshanba." Akagonga kiti, hapa, leo. Akainua cha pili: "Dushanba." Akaweka viganja viwili shavuni, akafumba macho, akakoroma kidogo, akafumbua. Kesho.

Yarabi! Jumamosi kwao haina namba! Wanaanza kuhesabu Jumapili, Jumapili ndiyo moja, na mbili ni Jumatatu. Mzee wa nondo alikuwa sahihi tangu mwanzo, mie niliyelala usingizi wa msomi ndiye nimepanda treni ya kwenda Jumatatu. Nikakaa kitako na shuka mapajani. Nilitaka kulia, na nililia, sioni aibu kusema. Mdogo wangu alikuwa huko amevaa, amepakwa hina, ananisubiri mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe yuko jangwani hajui kuhesabu mpaka mbili.

Kwenye kituo kilichofuata mtandao ukashika, akapiga yeye.

"Kaka, umefika wapi?"

"Nimebakiza kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka dushanbe," nikasema. "Mdogo wangu, nisamehe. Nipe huyo shehe wenu nimpe uwakili kwa simu, akuoze leo. Mama tutamwambia mtandao ulikuwa mzuri."

Nyuma yake nilisikia watu wengi na vyombo.

"Hapa hata bila walii wangeniozesha, madhehebu yao yanaruhusu," akasema. "Lakini mie mtu wa Temeke. Gari linaondoka kesho asubuhi. Litapita stesheni. Treni yako ikiwahi, utanioza. Isipowahi, mwenzangu atatangulia."

Simu ikakatika. Usinambie kuhusu usingizi wa usiku ule.

Mpakani ndipo nikadhani yamekwisha. Askari wakaingia na mbwa. Mbwa akanusa ndoo yangu, akapiga chafya, karafuu za Mama si mchezo. Ndoo ikafunguliwa. Askari akainua kigae cha ukoko kwa vidole viwili, akakigeuza, akakigonga ukingoni mwa kitanda. Ko, ko.

"Pilau," nikamwambia.

"Palov?" Akatazama tena kile kitu cheusi.

"Palov. Nikoh."

Akalitangazia behewa. Watu wote wakanitazama kwa huruma nzito, huyu maskini, kwao pilau ndiyo hii. Yule mama mwenye kilemba akanipa mkate mzima na kunifumba vidole juu yake nisiukatae. Nchi yangu nzima ikaonekana haijui kupika. Lakini askari akafunga ndoo kwa heshima kama anafunika maiti, akagonga mhuri, treni ikaondoka.

Tuliingia Dushanbe siku ya dushanbe, asubuhi kweupe. Theluji ilikuwa inaanza, nyembamba, haijaamua. Nikamwona kabla treni haijasimama. Koti la kiume juu ya shela, mabuti miguuni, anakimbia sambamba na madirisha anachungulia moja moja. Nyuma yake bwana harusi, kijana mrefu, baba yake mwenye joho, na imamu ameshika chupa ya chai. Barabarani gari limewashwa, dereva anapiga honi.

Nikashuka, nikaanza, "Mdogo wangu—"

"Kaka, kwanza nioze!" akasema.

Nikamwoza palepale, kwenye benchi la abiria. Nikaushika mkono wa yule kijana, imamu akanitangulizia maneno ya Kiarabu, nami nikamfuata, na mashahidi wakawa mhudumu wa behewa na mpagazi mmoja. Yule mama wa mikate alikuwa ameshuka na mizigo yake amwone baba yangu mzee anayeoa. Akamtazama bibi harusi, akanitazama mie, akaelewa. Akanipiga kofi la bega, akacheka, akatoa sauti nyembamba ndefu ambayo kwetu tungeiita kigelegele bila kubishana.

Honi ikalia tena. Nilikuwa na maswali mengi, yote tangu Temeke. Sikuuliza hata moja. Nikampa ndoo. Akafungua mfuniko, akanusa, uso ukaharibika, machozi yakatoka na kicheko kikatoka. Akakivunja kigae katikati, ko, mbele ya wakwe wote. Hakikuvunjika sawasawa. Akavitazama vipande viwili kwa muda, kama alivyokuwaga anatazama sufuria, halafu akakishika kimoja, akakiweka kwenye kiganja changu, juu ya ile alama ya meno. Akapanda gari. Wakaenda zao milimani.

Nikabaki kwenye benchi natafuna. Nikampigia Mama.

"Kaolewa?"

"Kaolewa, Mama. Nimemwoza mwenyewe."

"Kwani leo siku gani?"

Nikameza kwanza. "Jumatatu."

"Ehee! Nani alisema Jumatatu? Nikaha ilikuwa lini? Nyie si mlinicheka, mkamcheka na mzee wa watu?" Akaendelea hivyo kwa kitambo, nikamwacha, haki yake. Kisha akatulia. "Ukoko kaupata?"

"Kaupata."

"Kaula wote?"

"Hapana. Kanikatia."

Nikasikia mashine ya kukata nondo ng'ambo ya barabara, Temeke, inaanza na kuacha.

"Kakukatia kidogo," Mama akasema.

"Kanipa kipande kikubwa."

Nikasikia anavua miwani.

"Basi kaolewa kweli," akasema, akakata simu nisimsikie analia.